Mashua kwa Hesabu ya Ng'ombe

Ntimaru hatuna ziwa. Tuna mahindi, tumbaku, ndizi na ng'ombe, na mpaka wa Tanzania ng'ambo ya vilima. Omena hutufikia ndani ya magunia, juu ya lori, wakiwa wamekwisha kukauka. Ndiyo maana shemeji yangu anayeishi Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, aliponipigia simu kuniomba tuchangiane kununua mashua, nilikuwa mtu mzima asiyejua chombo kinaanzia mbele au nyuma. Kaunti yetu ni moja, Migori, lakini yeye na mimi tumelelewa kwenye nchi mbili.

Kitu kimoja nilikijua. Kwetu mtu hawezi kuniambia "bei nzuri" akanyamaza. Nitamuuliza ni ng'ombe wangapi. Kwa hiyo nilishuka Kehancha, nikapita Migori mjini, nikateremka mpaka Sori, na baadaye Muhuru Bay, nikiwa na daftari. Kila bei niliyotajiwa niliigeuza ng'ombe, kila ng'ombe nikimhesabu kwa shilingi 45,000, kipimo changu mwenyewe cha mnyama wa wastani. Bei za mashua hubadilika ufuo kwa ufuo na fundi kwa fundi, kwa hiyo msomaji asizichukue zangu kama orodha ya duka. Achukue njia ya kuhesabu.

Chombo cha kwanza kilikuwa cha mbao za mkaratusi, mti uleule tunaoupanda Kuria kukaushia tumbaku. Nilitajiwa kama ng'ombe wawili. Cha pili kilikuwa cha mvule: ng'ombe wanne. Cha tatu kilikuwa cha faiba, chenye rangi ya buluu, kinang'aa kama sahani mpya: ng'ombe tisa. Vyote vitatu vilikuwa karibu na urefu mmoja, na vyote vingebeba watu wanne na nyavu zao.

Ukisimama hapo, mkaratusi unashinda. Nami nilikuwa karibu kusema tuuchukue. Fundi aliyekuwa akipiga kalafati chini ya mti, akisukuma pamba kati ya mbao kwa patasi, aliniuliza, akiniita mzee kwa Kijaluo, "Jaduong', unanunua mashua au unanunua miaka?" Kisha akaniambia anavyokadiria yeye kwa kazi ya mikono yake: mkaratusi, ukikatwa mbichi kama inavyofanywa mara nyingi, utampa mtu miaka minne kabla mbao hazijaanza kupasuka na kuoza kwenye misumari. Mvule uliokaushwa vizuri utampa kumi na miwili. Faiba, kama haijagonga mwamba, ishirini.

Nikagawa. Mkaratusi ni nusu ng'ombe kwa mwaka. Mvule ni theluthi moja. Faiba ni chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo chombo cha bei ya chini ndicho ghali kuliko vyote kwa mwaka, na kile cha katikati ndicho nafuu. Jambo hili mkulima yeyote analijua kwenye jembe, lakini hulisahau akifika ufuoni.

Tofauti ya mvule na mkaratusi, hata hivyo, ni sehemu ya sita ya ng'ombe mmoja kwa mwaka. Ni kitu, lakini si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni injini.

Injini ya farasi 15, zile za mipigo miwili unazoziona kwenye mashua nyingi za ziwa, ikifunguliwa yote hunywa karibu lita sita za petroli kwa saa. Weka saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi, ni lita 12. Petroli tuiweke shilingi 185 kwa lita, ingawa ufuoni, ikiuzwa kwa jerikeni mbali na kituo, huongezeka. Safari moja ni shilingi 2,220. Safari 20 kwa mwezi ni shilingi 44,400. Rudi kwenye kipimo changu: karibu ng'ombe mmoja kila mwezi, kabla hujaongeza oili ya kuchanganya, plagi, na propela inayogonga jiwe. Na injini yenyewe, ikiwa mpya, inapita laki mbili, yaani ng'ombe watano au sita, zaidi ya mashua ya mvule inayoibeba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la mbao, ambalo kila mtu ufuoni hulibishania, ni swali dogo. Swali kubwa ni nini kitakachoisukuma mashua. Na jibu la zamani la ziwa hili, tanga, lilikuwa limekunjwa ndani ya gunia nyuma ya kibanda cha fundi. Bei yake pamoja na mlingoti na foromali: mbuzi wawili.

Tanga halikuzaliwa ziwani. Wenyeji wa visiwa vya Sese, upande wa Uganda, walikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya gogo moja lililochongwa, na msafiri Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1875 alikuta Kabaka Muteesa akimiliki mitumbwi hiyo kwa mamia. Ilikwenda kwa kafi. Tanga la pembetatu lililetwa na wafanyabiashara kutoka pwani, Waarabu na Waswahili, waliofika kusini mwa ziwa wakiwa na ufundi wa majahazi kichwani na wakitafuta mbao palepale. Mmoja wao, Songoro, alikuwa akiunda jahazi Ukerewe, na wamisionari wa Kiingereza wa CMS walilinunua kwake mwaka 1877. Chombo hicho kilikuwa na deni la mbao kwa Mtemi Lukonge wa huko. Ugomvi uliofuata mwezi wa Desemba mwaka huo uliwaua Songoro mwenyewe na wamisionari wawili, Smith na O'Neill. Ninalitaja kwa sababu ni onyo la kweli kwa mnunuzi wa leo wa mashua iliyotumika: kabla hujatoa shilingi, hakikisha anayekuuzia ndiye mwenyewe, na kwamba mbao, injini na nyavu hazidaiwi na mtu. Kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) ina daftari la vyombo na wenyewe. Lisomwe mbele yako.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikaongezeka na majahazi yakaongezeka. Miaka michache baadaye, mwaka 1905, nyavu za kutegea za uzi wa kitani zikaingia ziwani, na wavuvi wakahitaji chombo cha kufika mbali zaidi ya mtumbwi wa kupiga kafi. Maseremala Wajaluo waliotazama kazi ya mafundi wa Kihindi na wa pwani walifanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Walichukua umbo la mtumbwi wa Sese, wembamba wake na omo yake iliyochongoka, wakaacha kushona wakaanza kupigilia misumari, wakaweka mkuku na mataruma, wakasimamisha mlingoti. Kwa watengenezaji hawa hakuna kampuni wala kiwanda, na hakuna jina kwenye bango. Kuna mti wenye kivuli, patasi, randa, na kijana anayejifunza kwa kushika upande wa pili wa ubao. Karne nzima ufuo wa Karungu, Mbita, Rusinga na Mfangano umepata mashua kutoka kwenye karakana za namna hii.

Ni za bei nafuu kwa sababu gani? Jibu la haraka ni kwamba fundi halipi kodi ya jengo. Ni kweli, lakini kuna zaidi, na mfano wa mbali unalionyesha. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, gazeti la Daily Mirror lilitaka mashua ndogo ya tanga ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuimiliki. Jack Holt, mchoraji wa mashua, na Barry Bucknell, aliyefundisha useremala wa nyumbani kwenye televisheni, waliibuni ile iitwayo Mirror. Iliuzwa kama vipande vya plaiwudi ndani ya sanduku, kwa pauni 63 na shilingi 11. Mnunuzi alivishona vipande kwa waya wa shaba, akaziba mishono kwa utepe wa faiba na gundi, akapaka rangi. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Kabla yake, mwaka 1947, Clark Mills wa Clearwater, Florida, alikuwa amebuni Optimist, kisanduku chenye tanga ambacho mtoto na baba yake wangekiunda kwa chini ya dola 50.

Mtu wa Lamu akisikia habari ya kushona mashua hatashangaa. Mitepe ya Pate na Faza ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na watu wa Sese nao walishona. Lakini angalia kilichoifanya Mirror iwe nafuu. Plaiwudi haikuwa ya bure. Mnunuzi aliinunua mashua pamoja na ujuzi wa kuiunda, kwa hiyo aliinunua pamoja na ujuzi wa kuitengeneza ikivunjika. Fundi wa Sori anakuuzia kitu hichohicho kwa njia nyingine. Ukigonga mwamba Jumatatu, Jumatano ubao mpya uko mahali pake, kwa sababu aliyeupigilia wa zamani anaishi mita mia mbili kutoka hapo na anajua kila msumari ulipo.

Hapa ndipo faiba ilipopungua machoni pangu, ingawa ninaiheshimu. Haiozi, haihitaji kalafati, ni nyepesi, na injini ndogo huisukuma vizuri. Kwa anayebeba abiria kati ya Mbita na visiwa, akiwa na mapato ya kila siku, ng'ombe tisa wanaweza kurudi. Lakini ikitoboka inahitaji gundi yake maalumu, kitambaa chake, siku kavu, na mtu aliyeizoea. Tena mbao, hata zikijaa maji, huelea. Faiba isiyowekewa vyumba vya hewa au povu huzama pamoja na injini. Ukinunua faiba, muulize muuzaji akuonyeshe vyumba hivyo. Akikuambia havihitajiki, mwache na mashua yake.

Plastiki je? Huko Lamu, Ali Skanda na wenzake walizindua mwaka 2018 jahazi la mita tisa lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa vipande vya ndara, wakaliita Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja, na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Victoria na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Linaonyesha kwamba ubao unaweza kupatikana bila kukata mti, na siku mvule utakapokwisha tutalihitaji jibu hilo. Kwa mvuvi wa Sori mwenye ng'ombe wanne mkononi, bado si chombo cha kununua ufuoni.

Nirudi kwenye mvule, maana bei yake haitashuka. Kenya ilisitisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwezi Februari 2018, na amri hiyo ilipolegezwa mwaka 2023 mbao zilizotoka zilikuwa hasa za mashamba ya miti ya kupandwa, si mvule. Mvule unaofika ufuoni hutoka mbali, na kila kituo cha njia huongeza chake. Hivyo fundi mwaminifu siku hizi huchanganya: mvule kwenye mkuku na mbao za chini ambazo hazikauki kamwe, na mbao nafuu juu, panapoona jua. Huo ni ujanja mzuri, mradi uambiwe kabla ya kulipa. Ziwani hakuna wadudu wanaotoboa mbao kama wale wa baharini, kwa hiyo adui ni kuoza na kutu. Lipa zaidi kwa misumari iliyopakwa zinki. Mashua nyingi nilizoonyeshwa zimetupwa, mbao zilikuwa bado zina nguvu na misumari ilikuwa imegeuka vumbi jekundu.

Sasa tanga. Ukikaa Sori siku mbili utaona jambo ambalo wavuvi wanalijua tangu utoto. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi hupata moto, na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja ufuoni. Anayetoka mapema na kurudi alasiri husukumwa kwenda na husukumwa kurudi, bila senti. Ufuo wa Sori unatazama magharibi, kwa hiyo upepo wa alasiri unakuleta nyumbani moja kwa moja.

Tanga lina gharama zake, na nisingependa mtu auze ng'ombe kwa sababu nimelisifu upande mmoja. Linataka mtu wa ziada anayelijua. Kukiwa shwari, mnapiga kafi. Dhoruba ya radi ikishuka ghafla, kama inavyofanya ziwani, tanga lisiloshushwa haraka huipindua mashua, na wengi wamekufa hivyo. Henza, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, iwe safi, na aliye karibu nayo asiwe na kazi nyingine. Jaketi za kuelea ziwe nyingi kama watu walio ndani; Mamlaka ya Bahari ya Kenya inazidai, lakini hata isingezidai ningezinunua kabla ya nyavu.

Kisha kuna samaki mwenyewe. Mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 akawa biashara ya viwanda vya minofu vinavyouza Ulaya. Ni yeye aliyeleta injini kwa wingi. Huvuliwa mbali, na akichelewa juani hushuka daraja, bei ikashuka naye. Mwenye kuvua mbuta kwa tanga peke yake ataokoa petroli na kupoteza samaki. Omena ni habari nyingine: huvuliwa usiku kwa taa, mara nyingi karibu, na asubuhi huanikwa juu ya nyavu au mchanga. Nusu saa ya kuchelewa haiwaharibu. Lakini uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na mwenye mkopo wa injini hulipa miezi hiyo minne bila kuingiza kitu. Mwenye tanga hulikunja tu.

Umeme umeanza kuingia. Mbita, kampuni iitwayo WeTu hukodisha taa na betri zinazochajiwa kwa jua, na taa hizo zimewaondoa wavuvi wengi kwenye karabai na mafuta ya taa. Kampuni ya Asobo hukodisha injini za umeme kwa wavuvi. Kwa anayeishi karibu na kituo cha kuchaji ni chaguo la kweli, kwa sababu haimlazimu kununua injini. Kwa Sori na Muhuru, pima kwanza umbali wa kituo.

Jambo la mwisho tulilobishana na shemeji lilikuwa umbo. Mashua nyingi mpya zinaundwa kwa ajili ya injini tu: nyuma imekatwa bapa, chini pana, mkuku mfupi. Zinabeba vizuri, lakini ukiweka tanga zinateleza pembeni kama gunia juu ya majani. Mashua yenye mkuku mrefu na nafasi ya mlingoti iliyoimarishwa kwa taruma nene inaweza kubeba tanga na bado ikafungiwa injini ndogo nyuma. Ubao wa ziada na kazi ya siku mbili, fundi alisema, ni kama bei ya kondoo. Ukikosa kuvitaja siku ya kuagiza, huwezi kuviongeza baadaye bila kufumua chombo.

Shemeji alitaka injini ya farasi 15 na asiwe na tanga. Alisema vijana hawatakubali kazi ya kamba, na kwamba ufuoni mwenye tanga huonekana maskini. Nilimwelewa, hakuna anayependa kuonekana maskini. Lakini ufuoni kwao mgawo ni huu: mafuta na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo, nyavu na wavuvi. Kila lita ya petroli hutoka kwenye mfuko wa vijana walewale. Nilimsomea daftari: tukirudi kwa tanga kila alasiri na kutumia injini kwenda tu, ng'ombe mmoja wa kila mwezi anakuwa mmoja kwa miezi miwili. Akanyamaza. Dada yangu, aliyekuwa akipepeta omena, akasema, "Huyo ng'ombe wa pili ndiye karo."

Tuliagiza mashua ya mvule chini na mbao nafuu juu, mkuku mrefu, misumari ya zinki, nafasi ya mlingoti, na nyuma iliyokatwa ya kutosha injini ya farasi nane iliyotumika. Mimi nilitoa ng'ombe wawili na tanga. Kitambaa cha tanga kinashonwa Muhuru, na fundi ameniambia nisiruhusu wakishone kwa uzi wa pamba, maana jua la ziwani huula kwa mwaka mmoja. Nimenunua roli mbili za uzi wa nailoni Migori mjini, ziko mezani hapa Ntimaru, zinangoja gari la Jumamosi.